Halua ya nyumbani: kwa nini unga ya bugali haifai

Muhumba, Bukavu. Mara nyingi kosa linaanza hivi: mtu amekula halua kwenye harusi ao siku ya Idi, ameipenda, ameuliza inapikwa na nini. Wanamjibu: sukari, unga, mafuta, hiliki. Anarudi nyumbani, anapima kilo ya sukari, anachota unga ya muhogo ndani ya ndoo ileile ya bugali, anawasha mbabula. Anakoroga saa moja, saa moja na nusu, mkono unauma. Mwisho anapata kitu cha rangi ya udongo, kinachonuka muhogo uliorowa, hakishikani wala hakikatiki. Asubuhi kimeachia maji pembeni ya sahani. Watoto watakikula, ni kweli, watoto wanakula yote. Lakini sukari imekwisha, makala yamekwisha, na wageni wanafika saa kumi.

Kwa familia inayohesabu kila kilo ya sukari, hasara hiyo si ndogo. Tena kuko kosa la pili, baya kuliko la kwanza: mtu akishaambiwa kwamba unga ya bugali haifai, anaamua kukamua muhogo mubichi mwenyewe, na anaruka hatua ya kuosha. Hapo si sukari tu inayoharibika. Tutalirudilia.

Halua ni nini

Neno linatoka kwa Kiarabu na maana yake ni kitu kitamu, basi. Ndiyo sababu inchi nyingi ziko na "halua" zao ambazo hazifanani: kuko ya ufuta, kuko ya karoti kule Uhindi. Hii tunayozungumzia ni ile ya Omani na Zanzibar: laini, inang'aa, inavutika kidogo chini ya meno, unaweza kuikata kwa kisu. Ndugu yake wa karibu ni lokumu ya Uturuki, ambayo nayo ni sukari na wanga vilivyopikwa pamoja mpaka vishikane.

Zanzibar waliipata kutoka kwa watu wa Omani, hasa katika karne ya 19 wakati Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake kisiwani kutoka Maskati. Mpaka leo Zanzibar na Pemba halua inapikwa ndani ya masufuria makubwa, na wanaume wanapokezana kukoroga kwa miiko mirefu. Halua ya Wete, Pemba, iko na jina lake, na kawaida inafungwa ndani ya vikapu vidogo vya ukindu.

Na huku kwetu? Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe katika Maniema, haikuleta pembe na utumwa tu. Ilileta pia Kiswahili tunachozungumza, Uislamu, wali, na namna fulani ya kukaribisha mgeni. Tippu Tip, aliyeweka makao yake Kasongo, alikuwa mtu wa Zanzibar na alikufia Zanzibar mwaka 1905. Kwa hiyo mama wa Muhumba anayepika halua leo hachukui kitu cha wageni wa mbali sana. Ni chakula cha barabara ileile iliyotuletea lugha.

Unga si wanga

Hapa njo kiini cha mambo yote. Unga ya muhogo ya bugali ni muhogo mzima uliosagwa: uko na wanga, ni kweli, lakini uko pia na nyuzi, na ladha ya uchachu kwa sababu muhogo ulirowa siku tatu ao ine mbele ya kuanikwa. Nyuzi hizo haziyeyuki. Ndizo zinazofanya halua iwe nzito kama uji na ikose kung'aa. Bugali inazihitaji ili ishibishe. Halua inazikataa.

Wanga ni kitu kimoja tu kilichotolewa ndani ya muhogo: ile poda nyeupe sana inayobaki chini ya ndoo wakati maji yaliyokamuliwa yametulia. Wazee wetu wanaijua kwa jina la amidoni, waliyokuwa wanatia kwenye shati mbele ya kupiga pasi. Ukiisugua kati ya vidole viwili, inalia kidogo, kama inakataa kusagika. Unga ya bugali hailii. Njia ingine ya kupima: tia kijiko kimoja ndani ya gilasi ya maji baridi, koroga, subiri. Wanga unashuka wote na kushikana chini kama saruji, maji juu yanakuwa meupe safi. Unga inaacha maji ya maziwa na vipande vinavyoelea.

Punje za wanga zikipata maji ya moto zinakunywa maji hayo, zinavimba, kisha zinapasuka na kufungana. Wanga wa muhogo unaanza kufanya hivyo mapema, kati ya digri 60 na 70 hivi, mbali kabisa na kuchemka. Ndiyo maana uji unashika ghafula. Zamani kule pwani walitumia pia wanga wa mmea wa porini unaoitwa uwanga. Kwa Omani wengi wanatumia wanga wa ngano. Wanga wa mahindi, ule wa boksi unaouzwa kwenye maduka ya mjini, unafaa pia, lakini halua yake inakuwa na ukungu kidogo, inakatika badala ya kuvutika, na ni rahisi zaidi kuachia maji ikilala. Ya muhogo ni angavu na inavutika. Kwa hiyo, kwa bahati nzuri, kitu bora zaidi kwa kazi hii ndicho kinachotoka Walungu, Kabare na bonde la Ruzizi kila wiki na kufika soko ya Nyawera ao Kadutu.

Kutoa wanga pasipo kujitia sumu

Muhogo mubichi uko na kitu ambacho, ukiukwaruza ao kuuponda, kinageuka kuwa sianidi, sumu kali. Muhogo mchungu uko nayo nyingi, muhogo mtamu kidogo. Ndiyo sababu ya kurowesha siku tatu: wazazi wetu hawakujua neno sianidi lakini walijua dawa yake.

Jimbo letu linajua bei ya kuruka hatua hiyo. Kuko ugonjwa unaoitwa konzo, ambao daktari Trolli aliuandikia mwaka 1938 kule Kwango, magharibi ya inchi. Jina ni la lugha ya Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu anaamka asubuhi miguu yote miwili imekakamaa, na haiponi tena. Unapata watu waliokula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, bila nyama, samaki wala maharagi ya kutosha. Konzo si ya magharibi peke yake: ilionekana na kuandikwa pia hapa Kivu ya Kusini, huko Burhinyi, katika teritware ya Mwenga. Kipande kimoja cha halua hakileti konzo, tuseme wazi. Lakini wanga uliokamuliwa na kupikwa palepale bila kuoshwa unaweza kumletea mtoto kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika siku ileile, na hiyo ni sababu tosha ya kutoharakisha.

Habari nzuri ni kwamba kazi yenyewe ya kutoa wanga, ikifanywa kamili, ndiyo inayoosha sumu. Sumu inayeyuka ndani ya maji, wanga hauyeyuki. Basi maji yanaondoka na sumu, wanga unabaki.

Nunua muhogo mtamu, ule ambao watu wanachemsha na kula. Usiokote muhogo ambao hujui shamba lake. Uwe wa leo ao wa jana, maana siku ya tatu unaanza kupata mistari ya buluu ndani. Kilo 5 zinatosha sana. Menya, toa ganda lote la nje na lile la pili la ndani ambalo ni nene, maana njo linabeba sumu nyingi. Osha. Kwaruza kwa kikwaruzo cha jikoni ao kwa kopo iliyotobolewa kwa msumari, mpaka upate kitu kama chenga laini. Kadiri unavyokwaruza laini, wanga unatoka mwingi.

Tia zile chenga ndani ya beseni, mimina maji mengi ya baridi, mara mbili ya wingi wake ao zaidi, sugua kwa mikono, kisha kamua kupitia kitambaa safi juu ya ndoo. Rudilia mara mbili ao tatu mpaka maji yatoke yakiwa karibu meupe safi. Nyumba nyingi zinachota ziwani wakati robine imekauka. Hayo maji yachujwe, yachemshwe, na yapoe kabisa. Yakiwa ya moto yatapika wanga ndani ya ndoo na kazi itakufa hapo.

Acha ndoo itulie saa 4. Mwaga yale maji ya juu ya rangi ya njano polepole. Yamwage pa choo ao ndani ya shimo, usiwape mbuzi, nguruwe wala kuku, wala usiyaache kwenye beseni ambapo mtoto atachovya kikombe. Juu ya ule wanga mweupe kuko tabaka jembamba la rangi ya kijivu: likwangue utupe. Mimina maji mapya, koroga mpaka wanga wote uamke, acha tena saa 4, mwaga. Fanya hivyo mara tatu kwa jumla. Anayeanza asubuhi mapema atamaliza usiku. Wengi wanaacha ya mwisho ilale mpaka kesho. Maji ya mwisho yanapaswa kuwa bila rangi na bila harufu.

Kilo 5 za muhogo zitakupa wanga kavu wa nusu kilo na zaidi kidogo, kulingana na muhogo wenyewe na nguvu ya mikono. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, vunja vunja uanike juu ya kitambaa, siku mbili za jua. Kuanzia Septemba mvua ya Bukavu haitakuachia nafasi, na wanga usiokauka unachacha. Basi utumie ukiwa mubichi, siku hiyohiyo. Kumbuka tu kwamba karibu nusu ya uzito wake ni maji: pahali tunapoandika gramu 125 za wanga kavu, weka karibu gramu 220 za wanga mubichi, na punguza maji ya sufuria kwa nusu ya kikombe.

Sufuria yenyewe

Kwa mara ya kwanza usipike kilo. Pika nusu kilo ya sukari, ili ukikosea usilie sana. Vipimo ni hivi: sukari gramu 500, wanga gramu 125, maji lita moja na robo, samli gramu 100, kijiko kidogo cha hiliki iliyotwangwa, kungumanga kidogo ya kukwaruza, kijiko kidogo cha maji ya ndimu, na mkono mmoja wa karanga zilizokaangwa na kumenywa. Zanzibar wanatia lozi na zafarani. Zafarani ni ghali sana hata kwao, na halua haifi bila yake. Karanga zetu zinafanya kazi ya lozi bila aibu.

Samli unaweza kuipika mwenyewe kwa siagi ya ng'ombe isiyo na chumvi. Iyeyushe kwa moto mdogo, iache ichemke mpaka povu ikatike na machicha ya chini yaanze kuwa kahawia, kisha ichuje. Gramu 250 za siagi zinatoa karibu gramu 200 za samli. Anayekosa siagi atumie mafuta ya alizeti. Harufu itapungua lakini halua itashika. Mawese mekundu hapana. Yanaleta ladha ya sombe.

Kwa rangi ya kahawia, ile ya halua ya kawaida, chukua vijiko vitatu vya ile sukari, uviyeyushe vikavu ndani ya sufuria mpaka viwe na rangi ya chai nzito. Simama mbali, mimina kikombe cha maji polepole: itaruka na kupiga kelele. Kisha tia sukari iliyobaki, maji mpaka yafike robo tatu ya lita, na ndimu. Ndimu inazuia sukari kurudi kuwa mchanga nyuma ya siku chache. Lakini kijiko kimoja tu: ndimu nyingi kwenye moto mrefu inavunja nguvu ya wanga, na halua haitashika hata ukikoroga mpaka usiku.

Wakati sukari inachemka, changanya wanga na ile nusu lita ya maji baridi iliyobaki, ndani ya bakuli. Koroga vizuri, maana unashuka chini kila dakika. Punguza moto, koroga wanga mara ya mwisho, mimina ndani ya sukari kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga bila kuacha. Hapa mnahitaji kuwa wawili. Ndani ya dakika chache itashika kama gundi nyeupe. Usiogope, wala usiongeze maji. Endelea, nayo itageuka kutoka nyeupe hadi kuona ndani yake kama kioo chenye rangi. Hiyo ni alama kwamba wanga wote umeiva.

Wengi wanaacha hapo. Njo kosa linalofanya halua iachie maji kesho yake. Wanga umeiva, lakini maji bado mengi. Fanya hesabu: ulianza na sufuria ya karibu kilo 2. Halua iliyomalizika kwa vipimo hivi inakuwa karibu gramu 900. Maana yake karibu lita moja nzima ya maji inapaswa kuondoka kwa mvuke, kupitia kitu kizito kinachoshika chini ya sufuria. Hakuna njia ya mkato. Ni saa moja, wakati mwingine saa moja na robo, kwa moto wa katikati, mwiko ukikwangua chini na pembeni muda wote. Ukiongeza moto, chini itaungua mbele ya juu kukauka, na harufu ya kuungua inaingia kote.

Samli inaingia hapa, kijiko kimoja kimoja kila dakika chache. Utaona halua inaimeza. Mwishoni inaanza kuikataa: mafuta yanatoka pembeni, halua yote inajikusanya kama mpira mmoja na kufuata mwiko, chini ya sufuria panaonekana. Weka tone juu ya sahani baridi, subiri dakika moja, gusa. Kama kidole kinatoka kikavu na tone halijatanuka, imeiva. Hapo njo unatia hiliki, kungumanga na karanga. Ukizitia mapema harufu inaondoka na mvuke. Koroga dakika mbili, mimina ndani ya sahani iliyopakwa samli, sawazisha, acha ipoe mpaka kesho. Kukata ikiwa ya moto ni kuiharibu bure.

Bukavu iko juu

Anayefuata maelekezo ya simu kutoka Dar es Salaam ao Maskati ajue jambo moja. Mji wetu uko karibu mita 1.500 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka kwa digri 95 hivi, si 100 kama pwani. Kwa wenye kipimo cha moto cha jikoni: kama maelekezo yanasema sukari ifike digri fulani, hapa toa digri 5. Ukingojea namba ya pwani utapata halua ngumu kama pipi. Kwa wanga hakuna shida, unaiva mbali chini ya hapo. Asiye na kipimo, tone la sahani baridi linasema kweli kila pahali.

Moto, watoto na makala

Halua ya moto ni mbaya kuliko maji ya moto. Maji yanateleza kwenye ngozi. Sukari na wanga vinashika na kuendelea kuunguza. Na nyumba nyingi mbabula iko chini, kwa urefu uleule wa mtoto wa miaka miwili. Sufuria nzito inayokorogwa kwa nguvu juu ya mbabula inayoyumba ni ajali inayosubiri. Weka mawe matatu pembeni ya mbabula ili isitikisike, funga mlango kwa watoto wadogo, vaa mikono mirefu. Mtu akiungua: maji baridi safi yanayotiririka, dakika 20, bila kunyofoa kilichoshikamana na ngozi. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta, hakuna yai. Kisha kituo cha afya kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, ao liko usoni, mkononi ao pa siri. Mtoto mdogo apelekwe hata kama linaonekana dogo.

Tena usipikie ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi ao mvua. Saa moja na zaidi ya makala inatosha kujaza chumba na hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Juu ya makala kuko hesabu ingine. Sehemu ya makala yanayoingia Bukavu inatoka upande wa mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980 na kuitangaza kuwa hatarini mwaka 1997. Halua inakula moto. Majirani wawili wakiunganisha sufuria moja kubwa, wanatumia makala pungufu kuliko kila mmoja na yake, na mikono inakuwa mine ya kupokezana.

Wanaotaka kuuza

Wamama na vijana kadhaa wanafikiria halua kwa ajili ya biashara ndogo, na si mawazo mabaya: haihitaji friji, umeme ukikatika haijali. Lakini wengi wanahesabu sukari na kusahau vingine. Andika kwenye kaye: sukari, muhogo, samli, hiliki, makala, karatasi ya kufungia, usafiri wa soko, na sufuria moja kwa kila tano ambayo itakushinda mwanzoni. Kama sukari unainunua kwa bei ya dola na halua unaiuza kwa franga, andika pia kiwango cha siku hiyo. Kisha gawa kwa idadi ya vipande. Sufuria yetu ya gramu 900 inatoa vipande 30 vya gramu 30. Kila kipande kinabeba karibu gramu 17 za sukari, sawa na vijiko vine vidogo. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, kwa hiyo vipande vitatu tayari vimefika hapo. Mwenye ugonjwa wa sukari, usimshawishi.

Zanzibar halua haiendi bila kahawa chungu, ndani ya kikombe kidogo kisicho na kisikio. Kwa upande huo Kivu haina cha kuomba kwa mtu: Arabika ya Kalehe, Kabare na Idjwi inasafiri mpaka Ulaya, wakati nyumba nyingi za hapa zinakunywa chai. Anayeuza halua kwa kipande anaweza kuuza na kikombe cha kahawa pembeni, na sukari asitie.

Kuitunza ni rahisi. Ifunike ndani ya bakuli lisiloingiza siafu, pahali pakavu, itakaa wiki moja na zaidi. Kufungia, majani ya mgomba yaliyopitishwa juu ya moto yanafaa kwa siku moja ao mbili. Usiiweke kwenye friji, baridi inafanya wanga ukakamae haraka. Ikiota ukungu ao ikinuka chachu, tupa yote, usikate sehemu. Lakini kama imekuwa ngumu tu, itie ndani ya bakuli, weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ongeza kijiko kimoja cha maji na kimoja cha samli, igeuze polepole dakika kumi hivi. Itarudi laini.